Ufa Niliouziba Bila Kujua

"Pitisha ukucha hapa," aliniambia sonara, akaiweka pete juu ya kitambaa cheusi, barazani kwake, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu.

Nikaupitisha. Ukucha ulipofika karibu na katikati ya kigae, kile kipande cha kaure kilichopambiwa pete, ulikwama kidogo sana, kama unavyokwama kwenye uzi uliochomoza katika kanzu iliyopigwa pasi. Nikaurudisha nyuma, ukakwama tena mahali palepale. Niliiinua pete juani, nikaigeuza huku na huku, na kwa pembe moja tu, mwanga ulipoingia kutoka ubavuni, nikauona: ufa mwembamba kuliko unywele, uliokikata kigae kutoka ukingo hadi ukingo, juu kidogo ya ua la buluu.

Pete ilikuwa imerudi kutoka Nairobi asubuhi hiyo. Mnunuzi hakuandika mengi wala hakutukana. Alisema tu kwamba katika picha aliyoonyeshwa, kigae kilikuwa kizima.

Picha hiyo niliipiga mimi.

## Picha niliyojivunia

Sonara huyu mimi humwita Ami, ingawa hatuna nasaba, na yeye huniita mwanangu. Vigae vyake havitoki magofuni, kwa kuwa magofu yana sheria zake. Hununua sahani za kaure zilizovunjika majumbani, za aina ile iliyokuwa ikipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akazikata, akazisugua na kuzizungushia fedha. Aliniomba nimpigie picha pete 12 ili aweze kuwaonyesha wanunuzi wa mbali kwa simu. Nilimwambia kwamba simu yake haitatosha kwa kazi hiyo, na nilisema hivyo kwa majivuno ambayo leo nayakumbuka kwa haya.

Pete ni kitu kidogo chenye kina kirefu. Ukiisimamisha na kuielekeza kamera kwa mshazari, ili kigae na nakshi za bega vionekane pamoja, kutoka ukingo wa karibu wa kigae hadi nyuma ya duara la fedha kuna takriban milimita 18. Nikiipiga kwa ukubwa wake halisi, yaani taswira iliyo juu ya kihisi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, iwe na kipimo kilekile cha pete yenyewe, kwa tundu la lenzi la f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), kina cha ubayana, yaani ukanda unaoonekana wazi, katika kamera yangu yenye kihisi kidogo ni kama milimita 0.64. Kwa f/5.6 ni milimita 0.45, ambao ni karibu unene wa ukucha. Vyote vilivyo mbele na nyuma ya ukanda huo huingia ukungu.

Kulibana tundu hadi f/22 hakusaidii, na wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wamenisikia nikilisema hili mara kadhaa. Katika ukubwa halisi tundu hufanya kazi kana kwamba namba yake imezidishwa kwa 2, kwa hiyo f/22 huwa kama f/44, mwanga hutawanyika kwenye kile kitobo chembamba, na picha nzima hulegea. Ndiyo sababu tunarundika fokasi: kamera husogezwa hatua kwa hatua juu ya reli, kila hatua hupigwa picha yenye ukanda wake mwembamba uliobayana, kisha programu huchukua kutoka kila picha sehemu iliyo bayana na kuziunganisha zikawa moja.

Picha ya pete ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Alama za patasi juu ya fedha zilionekana moja moja. Ami aliitazama kimya kwa muda, akasema kwamba hakujua mkono wake unatetemeka mahali fulani penye nakshi. Niliichukulia kauli hiyo kuwa sifa kubwa kwa kamera.

## Kisingizio kizuri

Jambo la kwanza lililonijia barazani pale lilikuwa kwamba ufa ulitokea njiani. Kaure haipendi kugongwa, na kifurushi kilipanda boti hadi Manda, kikapanda ndege, kikapita mikononi mwa watu ambao hatuwajui. Nilimwambia Ami hivyo. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, namna mtu mzima anavyoitikia maneno ya mtoto ambaye hataki kumuumbua mbele za watu.

Halafu akasema, "Mwanangu, hata mimi mato yangu hayakuuona. Lakini mimi sikumwambia mtu kwamba nimeona kila kitu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa muda wa wiki tatu hayakuniacha.

Wiki ya kwanza sikufanya lolote. Nilikuwa nimezihifadhi faili ghafi zote, na nilijua kwamba jibu limo humo, na ni kwa sababu hiyo sikuifungua diski. Ikiwa ufa ulitokea safarini, mimi sina hatia. Ikiwa ulikuwapo siku ile, basi mimi ndiye niliyemwonyesha mnunuzi kigae kizima ambacho hakikuwapo duniani. Nilipendelea kutojua, na nikajipa kazi nyingine za kunishughulisha.

## Picha 36

Nilipozifungua hatimaye, sikuanza na kigae. Nilianza kwa kuhesabu.

Reli yangu ni ya kusogezwa kwa mkono. Mzunguko mmoja wa parafujo huisogeza kamera milimita 1, na mimi huenda kwa nusu mzunguko, yaani milimita 0.5. Ubavuni mwa reli kuna mistari ya milimita, na nimezoea kuandika daftarini namba ya kuanzia na namba ya kumalizia. Daftari lilisema nimetembea milimita 18 kamili. Milimita 18 kwa hatua za nusu milimita ni hatua 36, na hatua 36 zinahitaji picha 37, kwa kuwa ya kwanza hupigwa kabla ya kusogea.

Diskini mlikuwa na picha 36.

Nilihesabu tena. Nikahesabu kwa kuandika vijiti vya kalamu kwenye karatasi, tano tano, kama yanavyohesabiwa magunia bandarini.

36.

Nikaanza kuzilinganisha mbilimbili, nikitazama ukanda wa ubayana ukitembea kutoka picha moja hadi nyingine. Ulikuwa ukipiga hatua ndogo zinazolingana, moja baada ya nyingine, hadi picha ya 17. Kati ya 17 na 18 uliruka. Hapo hatua ilikuwa ya milimita 1 nzima, na nilipoiona nikaikumbuka asubuhi yenyewe. Nyumba yangu ni ya ghorofa na sakafu yake imelala juu ya boriti, na punda waliobeba mchanga walipita uchochoroni wakati nimekwisha kuizungusha parafujo. Nikasubiri mtikisiko utulie, nikamjibu mtu aliyeniita kutoka chini, nikarudi, nikaizungusha parafujo tena kabla ya kubonyeza rimoti. Nusu mzunguko niliokwisha kuufanya ukaongezewa nusu nyingine.

Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa kubwa kuliko hilo, kwa kuwa nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Pete nyingi za Ami nilizipiga kwa f/8, na hatua ya milimita 0.5 inaingia vizuri ndani ya kina cha milimita 0.64, kila ukanda ukilalia kidogo ule wa jirani yake. Lakini asubuhi hiyo nilifungua tundu hadi f/5.6 kwa sababu jaribio lilionyesha nakshi za fedha zikiwa kali zaidi, na sikuibadilisha hatua. Kina cha 0.45, hatua ya 0.5. Hata kama punda wasingepita, nilikuwa nimeacha mwanya mwembamba kati ya kila picha na mwenziwe, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mazoea tu ya mkono.

## Mahali ufa ulipolala

Kwa nini basi mianya mingine haikuficha chochote?

Swali hili lilinikalia usiku mzima, na jibu lake ndilo lililonifundisha zaidi kuhusu kazi hii kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasoma. Kigae kile ni bapa, na mbele ya kamera kilikuwa kimeinama, ukingo wa chini ukiwa karibu nami na wa juu ukiwa mbali. Kila picha iliona kamba moja ya kigae, ya mlalo, kutoka kushoto hadi kulia. Ufa ungepanda wima, kutoka chini kwenda juu, ungepita katika kamba nyingi. Picha moja ingeukosa, nyingine zingeunasa, na ningeona mstari uliokatika mahali pamoja. Ufa huu ulikwenda mlalo. Urefu wake wote ulikuwa ndani ya kamba moja, na kamba hiyo ndiyo niliyoiruka.

Ukubwa wa mruko nao ulitosha. Katikati ya pengo, ufa ulikuwa umbali wa nusu milimita kutoka picha ya 17 na nusu milimita kutoka picha ya 18. Kwa f/5.6 katika ukubwa halisi, nukta iliyo umbali huo hutapakaa ikawa duara la takriban milimita 0.045. Ufa wenyewe, nilipoupima baadaye, una upana wa kama milimita 0.02. Kitu chembamba kikitapanywa hivyo, weusi wake huyeyuka ndani ya weupe wa jirani zake, na kinachobaki ni kivuli hafifu.

Kivuli hicho kipo. Nilipoikaza tofauti ya mwanga na giza katika picha ya 17, nilikiona kimelala juu ya ua la buluu, kama alama ya maji yaliyokauka ukutani. Katika picha ya 18 kiko vilevile, mahali palepale. Kaure haikuvunjikia njiani.

Nilizima kompyuta, nikaenda kuketi darini hadi adhana ya alfajiri.

## Programu haijui kusema "sikuona"

Mtu anaweza kudhani kwamba pengo la namna hii litajitangaza lenyewe. Juu ya kitambaa, mbao au kiwiliwili cha mdudu, mara nyingi hujitangaza: unaona ukanda laini ukipita katikati ya vinyweleo vilivyo bayana, na unajua kwamba umeruka hatua. Lakini kaure ni kitu laini kwa asili yake. Ukanda wenye ukungu juu ya rangi iliyong'arishwa hufanana kabisa na rangi iliyong'arishwa.

Nililirundika fungu lile mara nyingine katika Zerene Stacker, programu yangu ya kurundika, safari hii kwa njia zote 2. Ile iitwayo DMap, niliyoitumia mwanzoni, hutafuta kwa kila sehemu ya picha ni hatua ipi iliyo bayana, ikachora ramani ya kina, kisha ikalainisha ramani hiyo. Mahali ambapo hakuna hatua yoyote iliyo bayana, hukisia kutoka kwa majirani. Faida yake ni rangi tulivu na chengachenga chache, na kwa vitu vya kung'aa watu wengi huipendelea, mimi nikiwamo. Ile ya PMax hushikilia kila tofauti ndogo inayoipata, ndiyo maana hunasa vinyweleo na mistari inayopishana, ingawa huzidisha chengachenga na kukaza rangi kupita kiasi. Katika PMax, kile kivuli kilionekana. Kilikuwa hafifu, kimezungukwa na mchangamchanga, na nadhani siku ile ningekiona ningekifuta nikidhani ni uchafu.

Fedha nayo ina vituko vyake. Kitu kinachoakisiwa ndani ya ukingo wa pete hakikai juu ya ukingo. Taswira yake ina kina chake, mbele au nyuma ya uso wa fedha, na programu ikiikuta bayana katika hatua fulani huichukua kama vile ni sehemu ya pete. Nimewahi kukuta fremu ya dirisha langu imechorwa wazi begani mwa pete, juu ya nakshi. Vumbi la kihisi hufanya jingine: programu inapoirekebisha kila picha ilingane na mwenziwe, doa moja husogea kidogo kila mara na mwishowe huwa mchirizi. Vituko hivyo huongeza kisichokuwapo, na jicho lililozoea huvikamata. Kilichonipata mimi kilipunguza kilichokuwapo, nacho hakiachi alama ya kukamatwa.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena kwa ufundi, na sasa sijui ukuta nitakaoujenga ni upi.

## Ungamo la ukungu

Kwa siku kadhaa nilifikiri kuiacha kazi hii ya kurundika. Nilizirudia picha zangu za zamani za hatua moja, zenye sehemu kubwa ya ukungu, nikaziona kwa jicho jingine. Picha ya hatua moja hukiri mipaka yake. Hapa niliona, hapa sikuona, na mtazamaji huona kwa macho yake mpaka ulipo, hata asipojua lenzi ni nini. Angeuona ukungu juu ya ua la buluu, angeuliza, na Ami angempelekea picha nyingine. Mrundiko hulifuta ungamo hilo. Humwambia mtazamaji kwamba kila mahali palitazamwa.

Lakini hoja hiyo, nilipoigeuza upande wa pili, haikusimama vizuri. Mpigapicha wa Uingereza Levon Biss, katika maonyesho yake ya 2016 kwenye Oxford University Museum of Natural History, alionyesha wadudu wa hazina ya makumbusho hayo, kila picha ikiwa imeunganishwa kutoka picha ndogo zipatazo 8,000, kwa hatua za milimita 0.01. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kumwona mdudu hivyo, bayana kutoka ncha ya papasi hadi kisigino, na bado sidhani kwamba picha zile zinadanganya. Hatua zake ni fupi na mashine ndiyo inayozihesabu. Kila kipande cha mdudu kilitazamwa kweli, kwa zamu. Iwapo nami ningekitazama kila kipande cha kigae, picha yangu isingekuwa na deni kwa mtu.

Nakiri pia kwamba niliwaonea wivu wenye kamera zinazojisogezea fokasi zenyewe, kama Nikon D850 ya 2017, ambayo haisikii punda wala haiitwi kutoka chini. Wivu huo haukudumu. Kamera ya namna hiyo nayo huambiwa na mtu ukubwa wa hatua, na mtu aliyesahau kubadilisha hatua baada ya kubadilisha tundu angesahau hata kwa mashine.

## Robo mzunguko

Niliiomba pete. Ami alinipa bila kuuliza, akasema tu nisiidondoshe, kisha akacheka peke yake.

Safari hii nilianza na karatasi. Kwa f/5.6 kina ni 0.45, na nilitaka kila ukanda ulalie mwenziwe kwa karibu nusu yake. Niligawa kichwa cha parafujo kwa kalamu ya wino mweupe katika sehemu 4, kila robo ikiwa milimita 0.25. Milimita 18 zikawa hatua 72, na hatua 72 zikawa picha 73. Niliandika namba 1 hadi 73 daftarini, na kila nilipobonyeza rimoti nilikata namba moja, sikugusa parafujo kabla ya kuikata. Nilipiga usiku, baada ya isha, punda wakiwa wamelala na kusi imepungua, mwanga ukiwa wa taa 2 za betri zilizofunikwa karatasi nyeupe, kwa kuwa mwanga wa dirisha hubadilika na mawingu na picha za fungu moja hazitakiwi kutofautiana. Taa ya tatu niliiweka chini kabisa, ubavuni, ili kila kilichoinuka au kupasuka juu ya kigae kitupe kivuli. Taa hiyo siku ya kwanza sikuiweka kwa sababu inaharibu uzuri wa rangi.

Kuanzia picha ya 33 ufa ulianza kuingia. Katika ya 35 ulikuwa kamili, mweusi, wenye kingo kali, ukikata petali moja ya ua na kuipisha nyingine. Katika ya 36 ulikuwa bado bayana. Picha 2 jirani zilikuwa zimekiona kitu kimoja, na hilo ndilo nililokuwa nimelikosa: si kuona mara moja tu, bali kuwa na picha ya pili inayoshuhudia ya kwanza.

Ami aliitazama picha hii kwa muda mrefu kuliko ile ya mwanzo. Aliufuata ufa kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, akasema unafanana na mkondo wa Lamu unavyoonekana kutoka angani. Mnunuzi alirudishiwa pesa zake. Pete sasa Ami anaivaa mwenyewe.

Alipokuwa akiondoka, akiwa amekwisha kushika kizingiti, aligeuka akauliza, "Na zile 11?"

Nimezihesabu zote. 9 nilizipiga kwa f/8, na idadi ya picha inalingana na daftari. 2 nilizipiga asubuhi ileile ya punda, kwa f/5.6. Moja ina picha zake zote, ingawa mianya ya 0.05 imo kati ya kila hatua, na Ami bado anayo sandukuni, tumeikagua. Ya mwisho imepungukiwa na picha 1, kati ya ya 11 na ya 12, mahali ambapo kigae kinakutana na ukingo wa fedha. Pete hiyo iko Mombasa, kidoleni mwa mtu. Nimemwandikia, nikamweleza kila kitu, na nikamwomba apitishe ukucha juu ya kigae, polepole, kutoka juu kwenda chini.